Mwamba Ulioelekea Moru

Olais aliikubali kazi yetu ya mawe kabla hajauliza atalipwa nini. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: kama tutafika Oldoinyo Onyokie, kilima chekundu kilichokuwa upande wa machweo. Bwana Nyundo akaikunjua ramani juu ya boneti ya Landrova, akamwonyesha kwamba bikoni ya mwisho ya kitalu, nguzo ya kuonyesha mpaka wa eneo letu la kazi, imesimama juu ya kilima hichohicho. Olais hakuitazama ramani. Alisema basi yuko tayari, na akauliza aanze lini.

Ilikuwa mwaka 1960, masika yamekwisha na nyasi za Kakesio, tulikopiga kambi, zimeanza kugeuka rangi. Bwana Nyundo alikuwa mtaalamu wa miamba, ametumwa na kampuni iliyokuwa na leseni ya kutafuta shaba. Jina hilo tulimpa sisi vibarua, kwa sababu nyundo haikumtoka mkononi hata wakati wa kula. Mimi, Clemensi, Mmbulu wa Daa karibu na Karatu, nilikuwa nashika tepe ya kupimia na kubeba mifuko ya turubai yenye mawe. Tulikosa mtu wa kutuonyesha njia na maji, na wa kuwaeleza wafugaji kwa nini tunapita tukigonga majabali ambayo hayajamkosea mtu. Ndipo akaja Olais, mwanamume mrefu, mpole wa maneno, ambaye rika lake lilikuwa limetoka kwenye umorani si zamani. Alikuwa na mke, Soila, na mama yake mzazi, Naishorua. Walikuwa bado hawajajaliwa watoto.

Watu hudhani kutafuta madini ni kuchimba. Kuchimba huja mwisho, na mara nyingi hakuji kabisa. Kwanza ni kutembea. Tulikuwa tukiuvuka mgongo wa mawe kwa mstari ulionyooka, tunarudi kwa mstari mwingine kando yake, na kila penye jabali lililotokeza juu ya udongo Bwana Nyundo alipiga, akalamba jiwe, akalitazama kwa kioo chake kidogo. Kisha aliweka dira juu ya mwamba ili ajue umelala kuelekea wapi. Jioni alipaka rangi kwenye ramani: kijani kwa mwamba mweusi, njano kwa mwamba wa mchanga, waridi kwa ule mgumu wenye chembechembe. Alitueleza kwamba shaba iliyojificha chini haionekani, lakini mwamba unaoibeba una tabia zake, na mtu akijua unakokwenda na unakokunjika anaweza kukisia madini yamekaa wapi.

Olais alisikiliza maelezo yale kama mtu anayesikiliza habari za ng'ombe aliyepotea.

Mara ya kwanza tulipokipanda kilima chekundu, kazi ilipokwisha tulishuka sote, yeye akabaki. Nilidhani amekwenda haja. Nilipogeuka nikamwona amesimama kando ya bikoni, ameegemea fimbo, uso kaskazini magharibi. Siku nyingine ikawa vilevile. Nilimngoja. Aliposhuka nikamuuliza anatazama nini, maana mimi huko nilikuwa sioni ila tambarare na ukungu wa vumbi, na mbali kabisa vijiwe kama vichuguu.

"Nyumbani," akaniambia.

Habari yenyewe nilijua nusu, kama kila mtu wa Karatu alivyojua. Mwaka uliotangulia Wamasai waliokuwa wakiishi upande wa Moru walikuwa wamehamishwa ili nchi ile iwe ya wanyama pori peke yao, wao wakapewa Ngorongoro na sehemu za jirani. Wazee walikuwa wamekubali barazani. Olais alisema alikuwepo siku ya kuondoka, na kwamba ng'ombe hawakuleta shida yoyote, wao huenda waendako watu. Aliyeleta shida ni mama yake. Kila walipotua kupumzika alikuwa akirudi nyuma kidogo, ati amesahau kitu. Hakuwa amesahau chochote. Huko Moru walikuwa na kisima, ambacho marehemu mumewe alikichimba pamoja na wenzake wa rika lake, wakati Olais bado yumo mgongoni mwa mama. Naishorua alikuwa ameteka maji pale katika utu uzima wake wote. Tangu wafike Kakesio hakunywa maji bila kuyasema vibaya, ati yana chumvi.

Lazima niseme kwamba mimi nilikuzwa nikiogopa Wamasai. Babu yangu aliporwa ng'ombe na watu wa lubega nyekundu, na kwetu Daa watoto walitishwa kwa jina lao ili walale. Olais naye aliniambia bila kuficha kwamba kwao Mmbulu ni mtu anayelima chini ya ardhi kama fuko. Lakini tukiwa njiani na mzigo wa mawe, mmoja mbele mwingine nyuma, tulianza kusimuliana. Mimi nilimweleza baridi ya kwetu, jinsi ukungu wa asubuhi unavyoshuka msituni hadi kwenye mahindi, na mke wangu Leonida anavyoifungua mifereji ya shamba kwa jembe huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimemwacha miezi mingi na nilimkumbuka hata nilipokuwa nimeshika tepe. Yeye alinieleza majani ya Moru, na mawe makubwa ya mviringo ambayo simba huota jua juu yake. Alikuwa akiniuliza maswali mengi kuhusu Daa. Nadhani alipenda kusikia habari za mtu ambaye kwao bado kupo.

Mwishoni mwa mwaka tukaliona doa la kijani. Lilikuwa kwenye ufa wa mwamba mweusi, kutu ya kijani ile inayoota kwenye sufuria ya shaba iliyoachwa uani. Bwana Nyundo alipiga magoti akalitazama muda mrefu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na sisi hatukutembea polepole tena. Doa moja likawa madoa, na yote yalikuwa katika mwamba uleule, na mwamba uleule ulikuwa unaelekea kaskazini magharibi.

Tatizo likawa jivu. Zamani, milima ya Ngorongoro ilipokuwa ikiwaka, upepo ulilimwaga jivu lake juu ya nchi yote ya tambarare, na mwamba wetu ulipokishuka kilima chekundu ulizama chini ya jivu hilo, usionekane tena. Bwana Nyundo aliuendeleza kwenye ramani kwa nukta. Olais, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amejishughulisha na ramani, akauliza nukta zile ni nini.

Bwana Nyundo akajibu, "Ni pale ambapo hatuoni, ila tunaamini upo."

Nukta zilifika kwenye mstari wa mpaka wa hifadhi, ile nchi ya wanyama yenye Moru ndani yake, zikauvuka.

Sikuwahi kumwona mtu akifanya kazi kama Olais alivyofanya baada ya hapo. Alituamsha. Aliyajua mabonde ambayo mvua ilikuwa imekula jivu hadi mawe yakachungulia, akatupeleka kote huko, na kila kipande cha mwamba mweusi kilichopatikana mbele ya kile cha mwisho alikileta kwa mikono miwili. Bwana Nyundo alimsifu. Mimi nilikuwa nimeelewa. Mwamba ule kwa Olais haukuwa wa shaba. Ulikuwa njia. Ukienda Moru, na sisi lazima twende Moru.

Bwana Nyundo akaomba ruhusa kwa wakubwa wa hifadhi avuke mpaka akayatazame mawe tu, bila kuchimba. Jibu likakawia, na wakati tunalingoja mvua ikakataa.

Wenye umri wangu hawajausahau ukame wa 1961. Vijito vilivyokuwa haviaminiki vilikauka kwanza, kisha vikakauka vile vilivyoaminika. Ng'ombe wa Kakesio walilala wasiamke, na watu wakawa wanawashika mikia na pembe kuwainua kila asubuhi. Boma la Olais lilibaki na ng'ombe wachache wenye mbavu za kuhesabika. Naishorua alikuwa amekonda akawa hatoki nje. Alipoongea, aliongea habari za kisima kile: kwamba hakijawahi kukauka, kwamba maji yake ni matamu, kwamba ukiyanywa asubuhi husikii njaa hadi mchana. Olais alirudi kambini kutoka kwa mama yake kama mtu aliyepigwa.

Siku moja nilifuatana naye hadi bomani kwake kupeleka unga wa mahindi ambao Bwana Nyundo aliutoa. Soila alitupa maziwa kidogo, akakaa kando yetu. Mumewe alikuwa akinieleza kwa furaha jinsi mwamba ulivyoonekana tena karibu kabisa na mpaka. Soila alimwacha amalize.

"Na shaba ikionekana kwetu kule," akasema, "watatuita turudi? Au watachimba pale penye kisima?"

 Olais aliinuka akaenda kutazama ndama. Mimi nilinywa maziwa yangu nikiwa nimeinamisha uso, kwa sababu kazi ile nilikuwa nimeifanya zaidi ya mwaka na swali hilo halikuwahi kunijia.

Ruhusa ilipofika ilikuwa ya siku moja, na lazima tuwe na askari wa hifadhi. Asubuhi ya kuondoka Olais alikuja na kibuyu cha mama yake, kimefungwa ukanda mpya wa ngozi. Alisema Naishorua amemtuma maji. Akapanda nyuma ya Landrova pamoja nami na askari, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, na safari nzima alikaa ameshika chuma cha kiti kana kwamba gari lingemtupa.

Tulisimama njiani mara nyingi Bwana Nyundo akagonga mawe, akaandika, tukaendelea. Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika kwenye bonde lenye mawe ya mviringo. Olais aligonga bodi ya gari. Akateremka kabla halijasimama vizuri.

Hapakuwa na boma. Palikuwa na duara la majani marefu kuliko ya pembeni, ya kijani hata katika ukame ule, kwa sababu ya samadi ya miaka mingi, na pundamilia walikuwa wakila humo. Waliondoka bila haraka. Miiba ya uzio ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki mistari ya vumbi. Olais hakukatiza duara lile popote pale kama sisi tulivyofanya. Alizunguka hadi mahali fulani, akaingilia hapo, nikajua ndipo lilipokuwa lango la baba yake. Akaenda mkono wa kulia, hatua chache, akasimama. Kisha aliinama, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba ya Kimasai, akaingia ndani ya nyumba ambayo haipo, akaketi chini.

Nikageuza uso. Askari naye akageuza uso.

Bwana Nyundo alikuwa ameshakwenda kwenye mawe. Tulimsikia akigonga, akinyamaza, akigonga tena. Baadaye Olais alitoka akaelekea kisimani, nami nikamfuata na kamba. Kingo zilikuwa zimebomolewa na kwato, matope yamejaa, lakini chini palikuwa na maji. Alishuka, akazoa matope kwa mikono hadi maji yakaanza kutulia. Askari alikuja akasimama juu yetu. Nilidhani atatukataza. Akasema tu kwamba jua linakwenda, akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari, ametupa mgongo.

Olais alijaza kibuyu, akanipa nikivute. Halafu, akiwa bado chini kisimani, alitia mkono kwenye mkunjo wa lubega yake akatoa jiwe. Lilikuwa jiwe la kitaluni kwetu, nililijua, jeusi lenye doa kubwa la kijani ubavuni. Alilishika kiganjani akalitazama, kisha akanitazama mimi.

Sikuhitaji kuambiwa. Jiwe lile likiachwa pale juu kati ya mawe mengine, Bwana Nyundo angeliona kabla ya kuondoka. Lingempa usiku mwingine wa kukosa usingizi. Angeomba ruhusa nyingine, ya wiki, ya miezi, na kila safari angemhitaji Olais. Nilipaswa kusema neno. Nilikuwa nimekula mkate wa Bwana Nyundo. Lakini nilikuwa nimemwona huyu akiinama kwenye mlango ule, na neno halikuja.

Maji yalikuwa yamemfika vifundoni. Akayageuza macho kwenye kuta za kisima, ambako bado ilionekana mikwaruzo ya vyuma vya wale waliochimba.

"Soila alisema kweli," akasema. "Watapafumua."

Akalirudisha jiwe kwenye nguo, akapanda juu.

Tulimkuta Bwana Nyundo amekaa, kofia magotini. Alituita akatuonyesha mwamba aliokuwa ameuvunja: wa waridi, mgumu, wenye chembechembe. Alisema ndio huo kila upande. Mwamba mweusi ulikuwa umekatika mahali fulani chini ya jivu, haukufika huku, na yale mawe ya karibu na mpaka ndiyo yalikuwa mkia wake.

"Una hakika, Bwana?" Olais akauliza.

"Nina hakika."

"Hata huko mbele, nyuma ya yale majabali?"

"Hata huko. Pole, Olais. Hatuna sababu ya kurudi."

Alisema pole kwa ajili ya shaba, nadhani, lakini alimtazama Olais kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake, na hakumhimiza kupanda gari. Tulimngoja. Olais alisimama pembeni ya duara la majani na kibuyu begani. Mwishowe alikuja mwenyewe. Jiwe la kijani alilitia kwenye mfuko wa turubai pamoja na mengine, na hakuna aliyeuliza limetoka wapi.

Nilifuatana naye hadi kwa mama yake siku hiyohiyo, kwa sababu aliniomba. Soila alimwinua Naishorua akamwegemeza kifuani. Olais alipiga goti, akasema, "Yeyo, maji yako." Bibi yule alikishika kibuyu kwa mikono yote miwili, akanusa kwanza, ndipo akanywa. Akayaweka maji mdomoni kitambo kabla ya kuyameza. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Yana chumvi," akasema. "Sikukumbuka kwamba yana chumvi."

Olais akamwambia kwamba labda ni ukame, labda ni matope, yeye alichota haraka. Mama yake akatikisa kichwa. Alisema hapana, ndiyo yenyewe, yalikuwa na chumvi siku zote, na ng'ombe waliyapenda kwa sababu hiyo. Ni yeye aliyesahau. Akanywa tena, safari hii funda kubwa, huku machozi yakimtoka, akacheka kidogo, akasema ajabu gani hii, mtu kukilaumu kisima cha Kakesio kwa chumvi wakati cha kwake ndicho chenye chumvi zaidi. Lakini kibuyu hakukiachia. Alilala amekikumbatia.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka huohuo, mwezi tulipopata Uhuru, na zilirudi kwa hasira hadi barabara ya Karatu ikakatika. Naishorua aliziona, aliyaona majani yakiota tena hadi mlangoni mwa nyumba, akafariki katika mvua hizo. Kampuni ilileta mashine ya kuchoronga ikatoboa mwamba wetu mahali pawili palipokuwa na matumaini. Shaba ilikuwepo, lakini ilikuwa kama chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Mwaka 1962 mahema yalikunjwa. Bwana Nyundo alitupa mkono mmoja mmoja, akaenda zake nchi nyingine kufuata miamba mingine.

Mimi nilirudi Daa kwa Leonida, na Mungu akatupa watoto. Olais alihamisha boma lake hadi chini ya kilima chekundu, ingawa maji yako mbali na pale, na Soila alimlaumu kwa hilo lakini alimfuata. Walipata mtoto wa kwanza wa kike, wakampa jina la bibi yake.

Tulionana kila alipoleta ng'ombe mnadani Karatu. Tulikaa kwenye hoteli ya chai ya mzee Hasani, yeye akaweka sukari nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1967, na nywele zake zilikuwa zimeanza mvi masikioni. Aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza katika safari zetu zote: kwamba niliporudi kwetu Daa, nilikikuta kile nilichokuwa nakikumbuka?

Nilifikiri kwanza. Nikamwambia ukungu niliukuta, na mke, na mahindi. Ila baada ya muda si mrefu, nikiwa shambani, nilianza kujikuta nimesimamisha jembe, natazama upande wa Kakesio, nawaza njia zile, vumbi, na uzito wa ule mfuko begani, na mtu aliyetembea mbele yangu.

Olais alikoroga chai yake muda mrefu.

"Kumbe na wewe," akasema.